Silinda Nne Zilizolala

Daktari alipiga simu saa nne asubuhi. Binti yetu Solveig alikuwa ameangushwa na farasi, damu ilikuwa inavujia ndani ya kichwa, na saa nane wangemfanyia upasuaji. "Kama mnataka kuongea naye, njooni kabla," alisema. Kutoka shambani kwetu hadi hospitali ya Billings ni saa tatu za kukanyaga mafuta, na pikapu yetu ilikuwa juu ya magogo, haina klachi.

Jirani yetu Lyle Amundrud alitukabidhi pikapu yake mpya, tangi limejaa, akarudi kwenye trekta lake kupanda ngano. Hakusema neno juu ya gari. Kwetu Montana, kumwelekeza mtu mzima namna ya kuendesha pikapu ni kumtukana.

Mume wangu Orville hutibu injini kwa masikio. Tulipofika tambarare ya kwanza, mngurumo ulishuka ghafla ukawa mzito, na mshale wa mizunguko ya injini ukashuka nao. Akainua mguu kwenye pedali ya mafuta.

"Umesikia? Silinda nne zimekufa. Injini inamisi, haichomi sawasawa."

"Gari linakwenda, mzee. Endesha."

"Ikizimika huku porini utambembeleza swala akubebe?"

Akasimama kando ya barabara. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, kama nilivyomwona akifanya miaka arobaini. Injini ikanguruma kwa silinda zote nane, safi kabisa. Akakagua mafuta, akakagua plagi, akakuna kichwa. Dakika ishirini zikaenda hivyo. Mimi nilijaribu simu ya Lyle, lakini mtandao hakuna.

Tukaondoka. Kilimani injini ikapaza sauti vizuri, na Orville akatulia. Tuliposhuka tambarare, mngurumo ukafa tena. Akasimama tena.

"Orville, mtoto anatungoja."

"Unadhani sijui? Nikiua injini hii hatufiki kabisa, Marlys. Kabisa."

Bisibisi ilimponyoka, akaiokota na kuirudisha kwenye injini. Nilimwamini, na hilo ndilo linaloniuma. Gari huwa ni lake, mimi ni abiria, basi nilikaa nikitazama saa.

Aliposimama mara ya tatu, nilifungua kikabati mbele ya magoti yangu nikitafuta kitambaa cha kufutia machozi. Kulikuwa na kitabu cha gari, bado kwenye plastiki. Kwetu hakuna anayesoma kitabu cha gari. Hicho ni cha watu wa mjini. Nikakisoma. Kilisema kwamba injini ikiwa haina kazi nzito hulaza silinda nne ili kuokoa mafuta, kilima kikija huziamsha, kwa hiyo mizunguko na sauti hubadilika, na dereva asiwe na wasiwasi.

Nilimsomea Orville kwa sauti. Alifunga boneti polepole.

"Kwa hiyo ilikuwa nzima," alisema.

"Nzima tangu nyumbani."

Aliendesha kama mwendawazimu, na kila sauti iliposhuka nilimwona akikaza meno.

Tuliingia hospitalini saa nane na dakika kumi na mbili. Muuguzi alituambia kwamba Solveig alikuwa amekwisha kupelekwa ndani.

"Aliulizia kama mmefika," alisema. "Nilipomwambia bado, alicheka. Akasema, baba amesimama mahali fulani, anasikiliza injini."

Orville naye alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mimi nilishindwa kumwinua. Saa kumi na moja daktari alitoka, na kabla hajafungua mdomo tukajua.

Tulirudi na pikapu ileile, na mfuko wa nguo za mtoto wetu ukiwa katikati yetu. Kwenye tambarare sauti ilishuka, kilimani ikapanda, kisha ikashuka tena. Orville aliiacha ishuke.