Nyumba Iliyomfuata Mwenyewe

Mpima ardhi mstaafu alikuwa kibarazani na kikombe chake cha chai, akikata kucha za mguu wa kushoto kwa wembe, nyumba yake ya kupangisha ilipotokea kwenye kona ya barabara. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi. Nyumba ilikuja taratibu, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani asiyetaka kumwaga maji. Ilisimama kupisha lori la mchanga, ikavuka, ikapenya kati ya nguzo mbili za umeme bila kugusa waya, kisha ikatua kwenye kiwanja chake kitupu kilichokuwa kando ya nyumba aliyoishi. Aliweka wembe chini.

Aliitambua kwa picha. Aliinunua kwa mafao yake yote, vyumba saba chini ya paa moja, katika mji wa mbali, na tangu siku aliyotia saini hakuwahi kukanyaga huko. Kazi yote alimwachia shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kila mwisho wa mwezi alimwambia kwenye simu kwamba mambo ni shwari. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Yeye aliona wahenga hawakuwa na simu.

Sasa alisimama, moyo umemjaa. Miaka thelathini na mitano alikuwa amepima viwanja, akafukia mawe ya mipaka na kuwaapia watu kwamba nyumba ni mali isiyohama. Alivua kofia. Msingi ulikuwa bado unadondosha udongo mwekundu, mabomba ya choo yananing'inia, na kwenye kamba nguo za wapangaji zilikuwa zimekauka vizuri kwa upepo wa safari. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Hodi hapa, mzee!" Aliyeita alikuwa mwanamke fundi cherehani wa chumba cha tatu, mguu ungali unakanyaga cherehani.

"Karibuni, karibuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Habari za safari?"

"Nzuri. Siku tisa. Sketi za shule kumi na mbili nimezimalizia njiani. Ila kila mji tunaopita, watu wanaisimamisha nyumba waulizie chumba kimoja kisicho na mpangaji."

"Na shemeji yangu mmemuaga?"

"Tungemwonea wapi?"

Mzee akampigia shemeji palepale.

"Nyumba iko shwari kabisa, shemeji," ilisema sauti. "Hapa ninapoongea nimeegemea ukuta wake."

Mzee alizunguka kuta zote nne, akatazama. Akamshukuru, akamtakia siku njema. Kaka wa mke hagombezwi ovyo, maana anayekupikia ni dada yake.

Fundi alimkaribisha ndani. Kitandani alilala mumewe, aliyepooza upande mmoja, akamsalimia mzee kwa mkono uliobaki mzima. Juu yake bati lilikuwa na tundu ambalo ngumi ingepita, na wingu lilionekana likipita.

"Kitanda nimekisogeza mpaka nimeishiwa chumba," alisema fundi. "Mwaka wa tatu huu tunamwambia shemeji yako. Mvua ikinyesha namfunika turubai kama mzigo wa mahindi. Kifua kimeanza kukoroma, mzee. Daktari kasema akilowa masika haya, hatayamaliza. Ndiyo maana tumekuja. Yaani imekuja yenyewe, sisi tulikuwa ndani tu."

"Nimeona, mama," alisema mzee, na kweli alikuwa ameona. Aliligusa bati lile kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa paji la uso la mtoto mchanga. Kisha akaenda kwake kuchukua kamba yake ya kupimia.

Alipima siku nzima. Alipima kutoka kizingitini hadi barabara ya lami, hadi zahanati, hadi lango la shule. Kila kipimo alikiandika mara mbili, kwa sababu hakuwahi kuona jambo kubwa namna ile maishani mwake, na lilikuwa lake.

Kufika Jumatano mtaa ulikuwa umezoea. Muuza maji alishajua milango yote, na chumba kitupu kilipata mpangaji, muuguzi. Siku hiyo mzee alipita mlango kwa mlango akigawa barua. Nyumba, ilisema barua, sasa ipo karibu na lami, zahanati na shule, kwa hiyo kodi itapanda kuanzia mwezi ujao.

Fundi aliisoma mara mbili.

"Na paa, mzee?"

Mzee aliitazama nyumba yake kuanzia msingi hadi bati, akavua tena kofia.

"Mama," alisema kwa upole, "nyumba iliyotembea siku tisa, tone la maji litaifanya nini?"

Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kulia juu ya bati. Fundi aliikunja barua, akaingia ndani kutafuta turubai.