Mkoba Haupigi Kura

Diwani Tillery alivifunga vituo vyote vya kura upande wetu sisi weusi, hata kile cha ukumbi wa kanisa letu, eti kubana matumizi ya kaunti. Tukasukumiwa kituo cha zimamoto, mwendo mrefu kwa gari, kwenye mashine mbili tu za kupigia kura. Yaani jimbo zima la Georgia lilikosa pesa mlangoni kwetu tu!

Shangazi yangu Earlene, ajuza wa miaka themanini na ushee, alikuwa na nia moja: kumpigia Tillery kura ya kumng'oa. Nilipotoka zamu kiwanda cha kuku nikampeleka. Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Tulisimama hadi miguu yake ikavimba, na maji hataki.

"Nikinywa nitataka choo, Velma, na choo hawakuweka."

Saa moja jioni, saa ya kufunga, ilipokaribia, mwili ukamshinda. Kanisani kwetu mwanamke akiinuka huacha mkoba kwenye kiti, na hata mchungaji hathubutu kukaa pale. Basi Shangazi akauweka wake juu ya kigoda alichokuja nacho, akavuka barabara kwenda kituo cha mafuta.

Anarudi, akakuta saa imegonga na askari amesimama nyuma ya mtu wa mwisho, asiongezeke mwingine.

"Foleni imefungwa, bibi."

"Nafasi yangu ile pale, mwanangu. Mkoba wangu ule."

"Mkoba haupigi kura."

Tukamzomea foleni nzima. "Tumekuwa naye tangu mchana! Hayo macho ni ya urembo?"

"Anayemhurumia atoke amfuate," akasema. "Naye harudi ndani."

Makelele yakakatika. Kila mtu akashikilia mahali pake.

Tillery alikuwa kando ya barabara akisalimia watu. Askari akauchukua mkoba kigodani, akampa, naye akaupangusa vumbi, akampelekea Shangazi huku akitabasamu.

"Earlene, si ungenipigia simu tu? Ningekuletea kiti."

Anamwita kwa jina tupu, na yeye ni mdogo kwa wanawe! Nilitamani kumtemea mate.

Shangazi akaupokea kwa mikono miwili. Ulimi uliofunzwa tangu utotoni namna ya kuwajibu wazungu kama Tillery ukamponyoka.

"Asante, bwana."

Kisha akasikia alichokisema. Akaangua kilio pale pale, mbele ya watu, na Tillery akawa anampigapiga begani.