Kipimo cha Nyonga

Nepi ilikuwa ndogo tena. Binti Fundi aliivuta upande wa kushoto, gundi ikashika. Alipoivuta upande wa kulia ilibaki nafasi ya vidole vitatu, na hakukuwa na nguvu ya kuiziba. Baba yake alikuwa amelala ubavu, uso ameuelekeza ukutani kama alivyofanya kila asubuhi, ili kila mmoja wao apate kujifanya hayupo.

"Imegoma," mzee akasema, bado akitazama ukuta.

"Itafika, baba. Nitaunga kitambaa."

"Unaunga kila siku. Lete futi."

Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini kabla kiharusi hakijamnyang'anya mkono na mguu wa kulia na, miezi michache baadaye, uwezo wa kuzuia haja ndogo. Akili kilimwachia. Binti yake akaitungua futi msumarini, ya njano, namba zake za mwanzo zimefutika kwa kushikwashikwa, akaipitisha chini ya mgongo wake.

"Kiuno thelathini na nne."

"Usiishie kiunoni. Shuka kwenye nyonga, pale palipojaa. Usivute, iache ilale."

"Arobaini na mbili."

"Basi. Vikitofautiana, kikubwa ndicho chenye neno. Huyo wa dukani anakupa ya kiuno, na mimi tatizo langu haliko kiunoni."

Wakacheka kidogo, kila mtu upande wake. Duka la mtaani liliuza nepi za watu wazima mojamoja, na za saizi ya kati tu. Kubwa hazina wateja, muuzaji alisema. Kwa hiyo mzee alivaa ya kati, mkojo ukapita pembeni, shuka likalowa, na juu ya mfupa wa nyonga kikachimbika kidonda. Mwezi uliopita kilikuwa sawa na kifungo cha shati. Sasa kilikuwa kifungo cha koti.

Alimfunika, akaacha chai karibu na mkono mzima wa kushoto, akamwomba jirani amchungulie mchana, akaenda kazini.

Kiwandani walishona mashati ya kupelekwa nje. Laini ya nne ilikuwa na wanawake thelathini na wawili. Shati liliingia mwanzoni likiwa vipande, likatokea mwisho limefungwa vifungo. Mmoja wao akiinuka, mashati hurundikana kwake, na wanaomfuata kwenye laini hukaa mikono mitupu. Vyoo vilikuwa viwili, uani, na kimoja kilikuwa kimeziba tangu mvua za mwaka jana. Kwenda, kupanga foleni na kurudi kulichukua dakika kumi na moja. Hayo aliyagundua msimamizi, aliyesimama mlangoni wiki nzima na saa yake, na ndiyo sababu walimwita Bwana Dakika. Wengi wao hawakunywa maji tangu kuamka mpaka kengele ya jioni. Aliyekuwa akishona mifuko ya kifuani alilazwa kwa figo, na cherehani yake ilipata mtu mwingine kabla hajatolewa dripu.

Asubuhi ile Bwana Dakika alimwita ofisini. Hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Kaa, Binti Fundi. Mzee anaendeleaje?"

"Hivyo hivyo, bosi."

"Pole. Kuuguza ni kazi." Akavuta droo, akaweka pakiti juu ya meza. "Hizi unazijua."

Alizijua. Saizi kubwa, zile zisizo na wateja.

"Kampuni imeona iwapunguzie kina mama usumbufu wa kwenda uani. Kila mmoja atapewa moja kwa zamu, bure. Wanunuzi wanataka mzigo wao kwa wakati, ninyi mnataka kazi iwepo. Tumekutana katikati."

"Na choo?"

"Nani kasema choo hakipo? Ila asiyetaka hizi atasaini kwamba mwendo wa laini ya nne umemshinda, tumtafutie mahali panapomfaa."

"Mahali gani, bosi?"

"Tutatafuta."

Aliigeuza pakiti ili maandishi yamwelekee Binti Fundi.

"Laini ya kwanza tulikadiria kwa macho. Zikavuja. Mashati yakaingia madoa, mzigo mzima ukarudishwa kufuliwa. Kumbe jambo lenyewe ni saizi. Sasa mimi mwanamume siwezi kuwashika wake za watu viuno. Wewe ni mwenzao, na futi umekua nayo. Wapime. Saizi kubwa zitakazobaki kila wiki, mpelekee mzee."

Alitaka kusema hapana. Neno lenyewe lilikuwa fupi na alilijua tangu utotoni. Lakini alikiona kidonda kama alivyokiacha asubuhi, kingo zake nyeupe, katikati pakiwa na unyevu usiokauka hata kikipepewa.

"Nianze lini?" akauliza.

Walipanga mstari kando ya meza ya pasi. Karani alikaa na daftari. Baba yake alimfundisha kwamba kipimo cha mwili wa mteja ni siri ya mteja: unakiandika, hukitamki. Kwa hiyo alipima, akainama, akamnong'oneza karani.

"Sauti, dada," karani akasema. "Mashine zinapiga kelele."

Akasema kwa sauti. Thelathini na nane. Arobaini na nne. Mshona vifungo, aliyewazidi wote umri, aliinua mikono kabla hajaambiwa.

"Niwekee na mkia mrefu nyuma, mwanangu, nikaolewe tena."

Waliocheka walicheka wakitazama sakafu. Alipofika mtu wa kumi hakuna aliyetania. Walikuja, wakainua mikono, wakatazama juu ya kichwa chake kama watu wanaopekuliwa getini, wakaondoka. Wengine alikuwa akiwajua kwa miaka na hakuwahi kujua kwamba viuno vyao vilikuwa vyembamba hivyo ndani ya nguo.

Kisha akafika Mama Pacha, mshona kola. Cherehani zao zilikuwa zimekaa ubavu kwa ubavu kwa miaka sita. Mzee alipoanguka, ni Mama Pacha aliyeshona kola zake na kafu za mikono za mwenzake kwa siku tisa, jasho likimtoka, ili hesabu ya Binti Fundi isishuke. Mikono yake ilikuwa imefungwa kifuani.

"Inua, Mama Pacha."

"Niinue unipime nini?"

"Nyonga tu. Haichukui muda."

"Nimezaa wawili kwa mpigo, na mkunga hakunipima nyonga mbele ya karani."

"Dada, tafadhali. Ikishakuwa ndani ya nguo, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na wewe utajua, umetupima wote."

Binti Fundi alisogea karibu, akashusha sauti. "Nina mgonjwa ndani."

"Najua una mgonjwa. Nimemgeuza kitandani kwa mikono hii. Nilikuuliza cha kunipa?"

Bwana Dakika alikuwa ameshafika, karatasi mkononi na kalamu juu yake.

"Hakuna ugomvi hapa," alisema kwa upole. "Saini tu, mama."

Mama Pacha alisaini polepole, jina lake kamili, yote matatu. Alichukua mkoba wake chini ya cherehani, akakunja leso aliyokuwa akiikalia, akapita katikati ya laini. Hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye sindano yake. Binti Fundi alibaki akiiviringisha futi kidoleni, akiifungua, akiiviringisha tena.

"Anayefuata," karani akasema.

Akapima. "Arobaini," akatamka, na safari hii hakuambiwa aongeze sauti. Ilisikika mpaka kwa wapiga pasi.

Baada ya wiki mbili shuka la mzee lilikuwa linaamka kavu. Binti yake alikibonyeza kidonda pembeni kwa kidole kilichofungwa pamba, hakikutoa maji. Ngozi mpya ilikuwa imeanza kutambaa kutoka kwenye kingo.

"Hii imekatwa na mtu anayejua kazi," mzee akasema. "Mpira wake haukati paja. Umeipata wapi?"

"Kazini."

"Kwa bei gani?"

"Wanatupa bure, baba."

Mzee akalipima hilo. Zamani, muuzaji akimtajia bei nzuri kupita kiasi ya kitambaa, alikishika kwanza kati ya vidole.

"Basi dunia bado ina watu. Msimamizi wenu anaitwa nani, nimtaje kwenye sala?"

"Sisi tunamwita Bwana Dakika."

"Hilo si jina la kumpelekea Mungu. Ulizia la kweli."

"Nitaulizia."

"Na yule mwenzako wa kola mbona haji kunisalimia siku hizi?"

"Mambo yamembana."

Aliinama kuchukua beseni. Siku hizi kiwandani waligawiwa nepi jioni, ili waingie zamu wakiwa wameshavaa na muda usipotee. Alipoinama, kitu kikachakarika chini ya sketi yake, plastiki juu ya plastiki, sauti ambayo mzee aliisikia kila alipogeuzwa kitandani. Alikuwa na chai mkononi, kikombe kimekaribia mdomo. Akakiteremsha.

"Simama," alisema.

Akasimama. Baba yake alimtazama kuanzia mabegani kushuka, akapita kiunoni, akaishia pale palipojaa, jicho lile lile lililowahi kukadiria nguo za watu kabla hawajavuka kizingiti cha duka lake. Mdomo wake, ule upande uliokuwa bado unamtii, ukatikisika.

"Umekonda," akasema mwishowe. "Wewe ni wa saizi ya kati."

"Ndiyo, baba."

Kazi ya kumbadilisha ilikuwa imekwisha, lakini mzee aligeuza uso ukutani.

Siku hiyo, saa nne, gari lilishusha maboksi getini. Bwana Dakika alikuja mpaka kwenye cherehani yake, jambo alilofanya kwa wachache, akampa ufunguo mpya wenye kamba nyekundu.

"Nifuate. Stoo imejaa mashati, kwa hiyo mzigo huu tumeupatia mahali pengine. Wewe ndiye utakayeutunza. Usipate maji, na usichanganye saizi."

Walitoka uani. Kile choo kilichokuwa kinafanya kazi kilikuwa kimepakwa chokaa. Mlangoni palikuwa na kufuli. Binti Fundi alifungua kwa ufunguo ule, Bwana Dakika akamwonyesha kwa kidevu: vibarua walishaingiza maboksi, yamerundikwa ovyo mpaka kwenye dirisha, na juu ya tundu palipigiliwa mbao tatu ili sakafu iwe sawa.

"Ndogo huku, za kati hapa, kubwa kule," alisema. "Dakika ishirini zinatosha." Akarudishia mlango ili vumbi lisiingie, na hatua zake zikaenda zikififia kuelekea mashineni.

Binti Fundi alisimama juu ya mbao. Tangu saa kumi na mbili alikuwa amejibana. Wengine walikuwa wamezoea, wakishona huku wakijiachia, macho kwenye mshono, lakini yeye bado alikuwa akisubiri, hakujua anasubiri nini. Harufu ilipenya kwenye nyufa za mbao, kwa hiyo shimo lilikuwa bado lipo, hatua moja chini ya nyayo zake. Aliitazama misumari. Iligongwa mpaka vichwa vikazama.

Aliegemeza kiganja kwenye boksi. Mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo alikuwa nao yeye, na hapakuwa na mtu wa kumwona. Akajiachia akiwa amesimama. Joto likaenea taratibu, likazunguka, likatulia. Halikuvuja hata tone.

Kisha akainama, akaliinua boksi la kwanza, akasoma saizi yake.