Obedi wa Jumamosi

Jumatatu saa mbili asubuhi Odeta alikuwa anapara sato nje ya nyumba yake pale Mirongo. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Chenge, akapita akamwambia kuwa mtu wa upekuzi atafika Alhamisi. Obedi, mwanawe Odeta, alikuwa ameshafaulu usaili wa kazi ya kutunza mafaili ya siri serikalini. Kilichobaki ni upekuzi tu, yaani mtu anatumwa mtaani kuwauliza majirani kijana huyu yukoje. Odeta akamaliza samaki wake, akanawa mikono, ndipo akaanza kuogopa.

Alichoogopa ni Jumamosi. Mwaka wa nne ule Obedi alikuwa hapatikani Jumamosi. Alianza kwa kubeti mechi moja moja kwenye simu.

"Mama, wenzangu wanakunywa pombe," alisema. "Mimi naangalia mpira, naweka kamkeka kangu, basi."

Siku hiyo mechi ilipoanza, miguu yake ikawa haionekani. Mama yake akamwambia avae soksi. Msimu uliofuata akawa anaisha mwili mzima tangu asubuhi, kinabaki kigoda alichokalia. Jumapili alfajiri anarudi, anaomba chai. Mtaani kulikuwa na vijana wengine wanne wa namna hiyo, na mwalimu mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Odeta naye hakuuliza. Ila Jumamosi ndiyo siku waliyokuwa wanapanda meli kwenda Nansio kwa bibi yake, mtoto amemwegemea begani mpaka wanashuka, na bega lile lilikuwa bado linamsubiri.

Basi akajifunga kanga, akaanza kuzunguka kwa majirani.

"Sema Jumamosi anakusaidia dukani," alimwambia Suresh, muuza nafaka. "Ni neno dogo tu."

"Mama Obedi, neno dogo kwa serikali linaweza kula leseni yangu." Suresh akajikuna kidevu. "Haya. Nitasema anapanga magunia. Na nitasema ni mvivu kidogo, ili waamini."

Bernadeta, jirani wa ukuta mmoja, hakubembelezwa.

"Nitasema ananichotea maji bombani. Tena ananifulia mashuka."

"Mashuka acha, shoga, watamcheka."

"Wamcheke nini? Wanaume wa siku hizi hawafui?"

Malimi, mwalimu wa kwaya, akasema atamweka kwenye besi, kwa kuwa besi walikuwa wanampungukia. Mpaka Jumatano jioni Odeta alikuwa amepata watu kumi na mmoja. Akalala vizuri.

Mpekuzi aliitwa Machibya. Alikuwa kijana mpole, amevaa sweta, na alimwamkia kila mtu mzima shikamoo kabla ya kufungua daftari. Alhamisi na Ijumaa aliuliza, akaandika. Jumamosi alizunguka kuhakiki. Kwa Suresh alimkuta Obedi anapanga magunia, mvivu kidogo. Bombani alimkuta Obedi ana ndoo mbili na shuka begani. Kanisani Obedi alikuwa anaimba besi, sauti nzuri. Machibya akawatia alama ya vema wote kumi na mmoja. Saa kumi na moja jioni akafika kwa Odeta, akapewa kiti na maji ya kunywa.

"Mama, wote nimewaona," alisema. "Saa ileile, siku ileile. Imebaki hapa nyumbani. Wewe Jumamosi unamwona wapi?"

Odeta alikuwa amewagawia watu wote neno la kusema. La kwake hakujiwekea. Akatazama kigoda.

"Mimi simwoni, baba."

"Anabeti?"

"Anabeti."

Machibya akafunga daftari taratibu.

"Kubeti si kosa, mama. Wangeniambia kijana anapenda mpira na anaweka mkeka, ningemuuliza mwenyewe anaweka kiasi gani, tukaongea. Lakini mtu anayefichwa na mtaa mzima hapewi siri. Kesho atakuja mwingine anayejua alikofichwa, amwambie lete faili, la sivyo nasema. Atalitoa."

"Sasa si umwandike yule wa kanisani?"

"Yule hakuomba kazi, mama."

Majibu ya upekuzi hayaletwi kwa barua. Yanakuja kwa ukimya. Obedi alisubiri miezi saba, halafu wakasikia kuna kijana wa Nyegezi ameshakaa kwenye kile kiti. Jumamosi iliyofuata Obedi aliondoka mapema kuliko kawaida, hata chai hakunywa.

Wale Obedi kumi na mmoja walibaki. Suresh anasema uvivu umepungua. Mwezi uliopita Precious, mtoto wa Bernadeta, naye aliitwa upekuzi, na Bernadeta akapita kwa Odeta kuomba neno dogo. Odeta akampa, maana deni la jirani halina mlango wa kutokea.

Kwa hiyo, mwenye mtoto na asikie. Neno unaloliweka kwa jirani linakaa kwa jirani. Kila Jumamosi Odeta anachukua ndoo anakwenda bombani, anapanga foleni nyuma ya yule Obedi wa Bernadeta. Kijana hamjui Odeta. Bernadeta aliposema yale maneno hakutaja kama ana mama.

"Shikamoo mama," anamwambia.

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo."

Ndoo ikijaa anainama, anaishika kwa mikono miwili, anamtwisha polepole asimlowanishe, na kwa kitambo hicho uso wake unakuwa karibu kabisa na uso wa Odeta. Kisha anamtwisha mama anayefuata.

Nyumbani maji yapo ya kutosha. Odeta anayamwaga kwenye mchicha, anarudi foleni.