Arobaini na Nane kwenye Tochi

Melkiori alizima gari mbele ya nyumba ya kina Latifu, kule Kurui, akabaki amekaa mikono juu ya usukani. Nyuma kwenye kirikuu yake, kigari cha mizigo, kulikuwa na kiroba cha machungwa, cha tano tangu Mwamini atoke hospitali. Machungwa kuyashusha ni kazi ndogo. Maneno aliyokuja nayo ndiyo yaliyomkalisha pale.

"Shikamoo Mzee Melki." Latifu, mdogo wake Mwamini, alishafika dirishani. "Kile kilima cha Kisarawe umekipanda, au ulishuka ukasukuma?"

"Marahaba. Nilisukuma, gari ikaniacha."

Mwamini alikuwa barazani juu ya mkeka, mguu wa kulia umefungwa hogo la plasta mpaka pajani. Miaka sita alikaanga mihogo Visiga, pembeni ya Barabara ya Morogoro. Melkiori, aliyezunguka nchi hii kwa malori mpaka akachoka, na sasa anasomba matunda ya wakulima wa Gwata, hakuwahi kupita pale bila kusimama akala, akataniwa kwa meno yake machache.

"Latifu alinipigia jana," alisema akiketi. "Habari ya kituoni."

"Basi umeshasikia," Mwamini alisema. "Yule dereva aliyenigonga anasema alikuwa na mwendo wa hamsini kama kibao kinavyotaka. Na askari wa tochi walimpima mwendo kabla hajafika Visiga, kipimo kinasoma arobaini na nane. Kwa hiyo mwenye kosa ni mimi, nilikurupuka barabarani. Jumatatu wanafunga jalada."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nilikuwa kwenye zebra, mkono nimeinua, lori limeshanisimamia. Yule akatokea upande wa pili kama anafukuzwa." Akalikuna hogo juu juu. "Lakini kichwa kiligonga lami, mzee. Na tochi haina sababu ya kunionea. Siku hizi nikilala najiuliza, au kweli nilikurupuka?"

Melkiori aliangalia chini. Kama Mwamini angelia, au angetukana, angeweza kuvumilia. Hili la kujitilia shaka hakulitegemea.

Asubuhi ile ya ajali alishaipita Visiga akielekea Kibaha, akawapita askari wawili waliojibanza nyuma ya kibanda cha matofali. Mbele kidogo akaiona Noah nyeupe ikija, inalipita basi juu ya mstari usiokatika, kama vile barabara ni ya baba yake. Akaiwashia taa mara mbili. Hata hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Miaka arobaini barabarani dereva humwashia dereva mwenzake kumwonya kuna askari mbele, awe anamjua au hamjui, na asiyewasha huonekana mchoyo. Noah ikapunguza. Dereva akapunga mkono, Melkiori naye akapunga, akaenda zake akipiga mluzi. Yule akapita mbele ya askari kwa adabu zote, halafu akakanyaga mafuta upya. Zebra ya Visiga ndiyo iliyokuwa inafuata.

"Hukukurupuka," Melkiori alisema.

"Umejuaje? Hukuwepo."

"Nilikutana naye kabla hajawafikia askari. Alikuwa anaruka, mia na ishirini haipungui. Na mimi ndiye niliyemwashia taa."

Latifu, aliyekuwa anamenya chungwa, aliacha kisu katikati ya ganda. "Ulimwashia."

"Mara mbili."

"Usingemwashia," Mwamini alisema polepole, kama mtu anayehesabu hatua gizani, "angewaingia askari na mwendo wake ule ule."

"Wangemsimamisha."

"Na mimi ningevuka."

"Ungevuka, mama."

Mwamini alijiegemeza ukutani. "Umelijua hili tangu lini?"

"Jioni ile ile. Nilirudi nikaiona Noah imesimama pale, kioo kimepasuka."

"Leo wiki ya sita."

"Ya sita."

"Uliogopa askari?"

"Askari siwaogopi, wameshaniandikia faini sana. Nilikuogopa wewe."

Mwamini alikitazama kiroba kule kwenye gari. "Kumbe ndiyo maana ya machungwa."

Melkiori aliitikia kwa kichwa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Haya uliyoniambia, kituoni utayasema?"

"Nitayasema. Na la taa pia."

"Jumatatu saa mbili asubuhi."

"Nitakuja kukuchukua. Kiti cha mbele nakirudisha nyuma, mguu utanyooka."

"Latifu atanitafutia gari," Mwamini alisema. "Wewe tutakukuta huko huko. Na hicho kiroba rudi nacho."

Siku zote Latifu humsindikiza mpaka mlangoni mwa gari akimtania. Leo alibaki barazani na chungwa lake lililomenywa nusu.

Melkiori aliondoka taratibu. Mbele ya Kisarawe mjini gari moja lililokuwa linakuja lilimwashia taa mara mbili. Alikuwa na arobaini tu, hakuwa na mwendo wa kupunguza. Mkono uliinuka kushukuru, kama ulivyozoea, akaurudisha kwenye usukani. Nyuma machungwa yaligongana kila alipopita shimo.