Protini za Mihayo

Haya ninayoandika ni kweli tupu; kama nadanganya, meno yangu manne yaliyobaki yadondokee kwenye ugali. Mimi ni Pantaleo, mstaafu wa kiwanda cha kuchambulia pamba, Shinyanga. Shule niliishia la pili. Mengine nimeyasoma kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi, na kwa njia hiyo nimekuwa profesa, ila cheti kimelowa mafuta.

Mwaka wa tisini na sita, jirani yangu Serafina, Mama Mihayo, alimfunga tetea wake miguu asubuhi, akanipitia.

"Shikamoo, babu. Vidonge vya Mihayo vimekwisha, twende wote hospitali. Kiswahili cha madaktari kinanipita."

Nyuma yake mwanawe Mihayo alikuwa akiuchekea ukuta wangu. Alirudi kutoka duara, shimo la wachimba dhahabu kule Mwakitolyo, akisikia watu wanaongea chini ya ardhi. Wachimbaji wenzake walisema mama mtu ndiye aliyeuza akili ya kijana ili apate dhahabu. Dhahabu ipi? Mama wa watu anavaa kandambili, moja nyekundu, moja bluu.

Kwenye dirisha la dawa, Deusdedit hakunyanyua uso. "Vidonge vya kichwa vimekwisha. Kanunueni duka la ng'ambo."

Duka la ng'ambo ni la mkewe.

Bahati siku hiyo alikuwepo daktari wa kutembelea, Umesh, Mhindi mzaliwa wa Kahama, mtu mpole. Akasema, "Mama, huu ni ugonjwa wa ubongo. Seli za ubongo hupeana habari pale zinapokutana. Watafiti wamepima bongo za wagonjwa waliokwisha kufa, na kwa baadhi wameona protini fulani za hapo zimepungua. Bado hatujui kwa nini. Si wewe uliyemsababishia. Ila vidonge asiache."

Nikamtafsiria Kisukuma. Mama Mihayo akafuta macho kwa kanga.

"Kwa hiyo si mimi, babu?"

"Si wewe."

Nje alishika njia ya dukani, akauze tetea anunue vidonge. Nikamzuia. Yaani nimnenepeshe mke wa Deusdedit?

"Protini ni kitu gani?" nikamwuliza. "Si mayai hayo? Picha yake ipo ukutani kliniki ya watoto. Daktari kasema zimepungua, basi tuongeze. Duka la dawa ni huyu uliyemshika miguu."

Ile ya vidonge asiache sikuitafsiri.

Yule tetea alitaga kama aliyeajiriwa. Siku moja alitaga huku anakimbizwa na mbwa, wala hakupunguza mwendo. Mihayo akanawiri mashavu. Na sauti zake nazo zikanawiri. Akachimba sakafu ya nyumba kuwatoa watu wa chini. Mama yake alipomshika mkono, akamwinulia sururu. Sungusungu wakaja, wakamfunga kamba kwenye nguzo ya zizi. Mwenyekiti wa kitongoji akatoa amri: "Apate dawa, la sivyo wewe na mwanao mhame."

Tukampeleka kwa mkokoteni wa ng'ombe. Deusdedit dirishani: "Vimekwisha." Daktari Umesh, aliyekuwa amerudi kwa zamu yake, akazitazama alama za kamba kwenye mikono ya Mihayo.

"Nani alisema aache vidonge?"

Mama Mihayo akanigeukia taratibu. "Babu, si ulisema daktari kaagiza mayai?"

"Aliagiza... kwa mbali."

"Sikutaja yai mimi," Umesh akasema. "Protini zile ubongo hujitengenezea wenyewe. Yai likiliwa halipandi kichwani kuziba pengo, mzee."

Nilitaka kubisha kiprofesa. Mama Mihayo akanyoosha kiganja.

"Vua saa."

Ni saa ya kustaafia, ambayo kijiji kizima nilikiapia ni dhahabu. Nikaivua.

Kule duka la ng'ambo, mke wa Deusdedit akaikwangua kwa ukucha. "Dhahabu gani hii, mzee?"

"Bati," nikasema, na Mama Mihayo anasikia.

Akaichukua hivyohivyo. Akashusha kopo rafuni. Lebo ilikuwa imebanduliwa, lakini nusu ya muhuri wa serikali ilibaki imeng'ang'ania. Nikafungua kinywa. Mama Mihayo akanikanyaga mguu.

"Nyamaza," akaninong'oneza kwa Kisukuma.

Kisha akapiga goti mbele ya kaunta, akapokea vidonge kwa mikono miwili. "Asante sana, mama. Vikiisha tutarudi."