Uzito wa Bertilla

Mke wangu alivua viatu, akavua kitenge cha begani, akavua hata rozari na kunikabidhi mimi, kisha akapanda kwenye mizani ya magunia ya Modesti. Gunia lililotangulia lilikuwa limeacha vumbi la mahindi pale juu, na nyayo zake zikachora alama humo. Modesti, ambaye hununua mahindi ya nusu ya kijiji chetu cha Kate na hajui kusema kwa sauti ndogo, alisogeza kile chuma, akainama, akatangaza: "Themanini na saba! Mama Isdori, umepungua tena kilo mbili!" Wanaume waliokuwa wakishona midomo ya magunia wakapiga makofi. Bertilla akacheka pamoja nao. Mimi nilibaki nimeshika rozari, bado ina joto la shingo yake.

Tisini na nne ndizo kilo tulizotoka nazo Sumbawanga mwezi wa pili. Magoti yalikuwa yakimsumbua, na kiu haimwachi, kutwa anaukimbilia mtungi. Nesi wa zahanati moja kule Mazwi, mwanamke wa Mbeya aitwaye Suma, alimtoboa kidole, akatazama kimashine chake, akasema bila kuzungukazunguka: "Ni sukari, mama. Mwili lazima upungue." Akatoa masharti. Ugali usizidi ngumi, mboga ijaze nusu ya sahani, maharage yachemshwe bila mafuta, chai isiwe na sukari. Na kidonge kimezwe pamoja na chakula, si kwa tumbo tupu.

"Ngumi ya nani, nesi?" nikauliza. "Maana yangu mimi imeshika jembe miaka arobaini."

"Yake, baba. Na wewe ukimuiga hutadhurika." Akamgeukia Bertilla. "Mwanzoni chakula utakiona kama majani ya ng'ombe. Vumilia. Ulimi utazoea."

Asiyeijua Ufipa hawezi kuelewa ukali wa masharti hayo. Kwetu mtu anaweza kula wali, viazi na ndizi, kisha akauliza chakula kinaletwa saa ngapi. Ugali ndio chakula. Hivyo vingine ni vya kudanganyia njaa. Lakini Bertilla, katika miaka yake hamsini na sita, ana kichwa kigumu alichokirithi kwa mama yake, na mama yake huyo alizikwa na mguu mmoja, wa pili ukiwa umekatwa kwa sukari hiyohiyo. "Mimi sitazikwa nusu," aliniambia ndani ya basi la kurudi. Kesho yake akanunua chungu kidogo cha kupikia mboga zake peke yake.

Mwanzo nilimtania. Nilimwita bibi harusi, nikamuuliza kama kuna mposaji mwingine. Halafu mashavu yakaingia ndani, mfupa wa shingo ukajitokeza, na pete ya ndoa ikaanza kuteleza hata akaizungushia uzi. Jumapili moja, baada ya misa, Wilibrodi alinivuta kando. Ni rafiki yangu tangu kipaimara, kwa hiyo ana ruhusa ya kuniumiza.

"Mkeo anaumwa nini?"

"Haumwi. Anapunguza mwili."

"Eustace," akasema, akinitazama kwa huruma ambayo sikuiomba. "Hata kwa Agnesi tulisema hivyohivyo."

Agnesi alikuwa mdogo wangu. Miaka ya tisini alianza kwa kukaza mkanda wa gauni, nasi tukasema amependeza. Miezi minane baadaye ni mimi niliyekuwa nikimtoa kitandani kila asubuhi kumpeleka juani. Hakuna aliyempima kwenye mizani yoyote. Mizani yake ilikuwa mikono yangu. Kila asubuhi mikono hii ilijua, kabla ya macho, kwamba amepungua. Siku ya mwisho alikuwa mwepesi kama debe la makapi. Nilijua ugonjwa wake sio wa Bertilla, kwa maana nesi Suma alipima kila kitu na majibu niliyaona mwenyewe. Nilijua, na bado kila alfajiri nilikuwa nikimpapasa mke wangu mbavu kabla hajaamka.

Basi Jumamosi ile ya themanini na saba niliingia jikoni. Mwanamume wa makamo yangu haingii jikoni kwetu bila sababu. Ningekutwa ningesema natafuta moto wa sigara, nami sigara niliiacha zamani. Bertilla alikuwa ametoka kufunga mbuzi. Nikafunua chungu kidogo, nikamimina vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti kwenye maharage yake, nikakoroga, nikatoka nikikohoa kwa moshi.

Alipokula alisita katikati ya tonge, akatafuna polepole. Nikasubiri kushikwa.

"Baba Isdori, yule nesi alisema kweli," akasema. "Ulimi umezoea. Maharage chukuchuku, lakini leo nayasikia matamu!"

Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa msichana aliyefaulu mtihani. Niliinamia sahani yangu nikala. Kesho yake niliingia tena jikoni, na keshokutwa, hadi ikawa kazi yangu ya kila siku kama kutoa mbuzi.

Mizani ikagoma. Themanini na saba, themanini na saba tena, kisha themanini na nane, Modesti akitangaza kila mara kana kwamba kijiji kizima kinasubiri. Bertilla aliacha kucheka. Alimwambia mizani imeharibika. Modesti akapandisha jiwe lake la kilo ishirini, mizani ikasema ishirini. Njiani alihesabu kwa vidole kila alichokula tangu Jumatatu. "Kuna mahali nakosea," alisema. "Sipaoni, lakini papo." Akaifanya ngumi kuwa nusu ngumi. Akaacha uji wa asubuhi. Mwishowe akaacha na ugali wa jioni. Mimi, kwa kuona anakula kidogo zaidi, nikaongeza kijiko cha nne.

Mwezi wa saba tulikuwa shambani tukikata ulezi, sisi wawili na Mary, mke wa marehemu kaka yangu. Upepo wa kipupwe ulikuwa ukikata masikio. Yapata saa nne nilimwona Bertilla akitokwa na jasho, katika baridi ile, na kisu kikimtetemeka mkononi. Nikamwita. Akanijibu maneno yasiyoshikana, ulimi mzito kama wa mlevi, kisha akakaa chini, akaanguka ubavu.

Nilipiga magoti nikapitisha mikono chini yake nimbebe. Sikuweza. Nilijaribu tena, mgongo ukalia, wala hakuinuka hata kidogo. Na hapo, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mke wangu amelala macho juu katikati ya mabua, nami nafurahi kwamba ni mzito, kwamba mikono yangu imeshindwa. Ni sauti ya Mary iliyonizindua.

"Shemeji! Kala nini leo?"

"Hajala. Kameza kidonge na maji."

Mary alitoa sukari ya chai kwenye kikapu, akamlaza ubavu, akampaka kidogokidogo ndani ya shavu.

"Mgonjwa wa sukari unampa sukari?" nikamkemea.

"Imeshuka! Mama yangu ilikuwa ikimfanya hivihivi. Kimbia kwa Modesti, alete pikipiki!"

Nilikimbia, na magoti yangu ya miaka sitini na moja. Tuliporudi alikuwa ameketi, akiegemea kifua cha Mary, amejaa vumbi, akiuliza kwa nini watu wanamtazama. Katika zahanati ya kijiji mganga alimpima, akampa uji, akamsimamia mpaka akaumaliza. "Kidonge bila chakula ni hatari," akasema. "Mbona unajinyima hivi, mama?"

Bertilla akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tulipomzika mama yake. "Sipungui," alisema. "Nakula kama ndege, mwanangu, na sipungui. Mguu wangu watakuja kuukata."

Mganga alipotoka tulibaki wawili kwenye benchi. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeniona.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Mafuta. Naweka mafuta kwenye chungu chako. Vijiko vinne."

"Tangu lini?"

"Tangu themanini na saba."

Nilitegemea matusi, nikayatamani hata. Yeye alifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema polepole, "Kumbe hata ule utamu haukuwa wa ulimi wangu." Mpaka leo neno hilo likinijia shambani huacha jembe nikasimama.

Siku mbili hakusema nami. Alipika, akanipakulia, lakini kile chungu kidogo hakukiacha jikoni tena. Alikwenda nacho kufunga mbuzi, alikwenda nacho kisimani, kikiwa bado cha moto, amekishika kwa kitambaa. Siku ya tatu tulikuwa uani tukipukuchua mahindi. Bila kuinua macho akauliza, "Kwa nini?"

Nikamweleza kuhusu mikono. Alimfahamu Agnesi, alimuuguza pamoja nami, lakini habari ya mikono hakuijua. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilipomaliza, punje zilikuwa zimemjaa mapajani na hakuzimwaga.

"Mimi sipungui niondoke," alisema. "Napungua nibaki." Akachukua hindi lingine. "Hiyo mikono yako haiamini mizani ya watu. Haya. Kila Jumamosi, kabla hatujaenda kwa Modesti, ninyanyue wewe kwanza."

Tukaanza. Wiki ya kwanza hata visigino havikuachana na ardhi, nami nikapata maumivu ya kiuno ya siku nne. Alinikanda huku akinicheka. Ngumi ya ugali ikarudi, uji ukarudi, maharage yakawa chukuchuku kweli, na alipoyaonja alikunja uso akaendelea kula. Themanini na tano. Themanini na tatu. Nesi Suma akapunguza kidonge. Wilibrodi akauliza tena, nikamjibu aje Jumamosi aone.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha, alikuja uani amevaa gauni la buluu ambalo Mary alilipunguza kiuno. Nikapitisha mikono, nikakaza, nikavuta. Ndala zake zikabaki kwenye tope, nyayo zikaning'inia juu yake. Nikasubiri mikono ikumbuke ilichokuwa ikikikumbuka siku zote. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka juu ya changu, chenye joto, na nywele zake zilinuka moshi.

"Je?" akauliza.

"Bado mzito," nikasema. "Sijakuweza."

Aliangalia chini, akaziona ndala zake kule kwenye tope. Kisha akanilaza kiganja shingoni.

"Basi niweke chini, Baba Isdori."